Njia Nne za Kupeleka Muziki Katika Redio ya Gari

Magari mengi yatembeayo katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda yalitumika kwanza nchini Japani. Mtu anunuapo gari la namna hiyo, mara nyingi hukuta ndani yake redio nzima yenye spika nzuri, lakini isiyo na njia iliyo wazi ya kupokea muziki uliomo katika simu au katika chombo cha muziki cha mfukoni. Hununua kifaa dukani, hukichomeka, na badala ya wimbo husikia mkwaruzo, mluzi, au mtangazaji wa kituo asichokijua. Wengine huamua kwamba redio imeharibika, wakaing'oa na kununua nyingine kwa fedha nyingi. Mara nyingi redio hiyo haina kosa lolote. Kosa limo katika njia iliyopitishwa muziki, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kulieleza.

Volti inayotetema

Kinachotoka katika tundu la spika za masikioni si sauti bado. Ni volti ndogo, isiyofika volti 1 kwa kawaida, inayopanda na kushuka kwa kufuata mtetemo wa sauti iliyorekodiwa. Kazi ya redio ya gari ni kuikuza volti hiyo mpaka iweze kusukuma spika. Kila mara volti hiyo inapogeuzwa kuwa kitu kingine, kama vile usumaku, mawimbi ya redio au tarakimu, kisha ikarudishwa, kuna kitu hupotea au kuongezeka. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: muziki utageuzwa mara ngapi kabla ya kufika?

Njia ya waya

Njia iliyo nyofu kuliko zote ni waya kutoka katika chombo cha muziki hadi katika tundu la redio lililoandikwa AUX. Plagi yake ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha huchukua muziki wa upande wa kushoto, pete ya katikati huchukua wa kulia, na shina ni njia ya pamoja ya kurudishia mkondo. Spika za masikioni huwa na ukinzani wa omu 32 hivi, lakini tundu la redio huwa na omu elfu kadhaa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Ohm, mkondo unaopita huwa mdogo sana, na chombo hakichoshwi.

Kiasi cha sauti katika chombo kiwekwe kwenye robo tatu hivi, na kinachobaki kiongezwe katika redio. Chombo kikitoa volti ndogo mno, redio italazimika kukuza muziki pamoja na kelele zake. Kikitoa kubwa mno, vilele vya mawimbi vitakatwa na sauti itakwaruza.

Njia ya kaseti

Kaseti ya kawaida ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ukanda wake hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na usumaku unaobadilika katika ukanda huo huzaa volti katika koili ya kichwa. Kaseti ya kuunganishia haina ukanda. Ndani yake mna koili ndogo inayokaa uso kwa uso na kichwa cha redio. Mkondo wa muziki ukipita katika koili hiyo huzaa usumaku unaobadilika, na kichwa cha redio huusoma kana kwamba ukanda unapita. Hii ni transfoma ndogo, na kanuni yake ni ile iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831.

Muziki hapa umegeuzwa mara mbili. Koili zikikaa upande kidogo, sauti nyembamba hufifia. Hata hivyo, mwenye redio ya kaseti asiidharau njia hii, maana ina faida moja itakayoonekana baadaye.

Njia ya mawimbi ya FM

Kifaa cha tatu ni kituo kidogo cha kurushia matangazo, kinachochomekwa katika tundu la kiberiti cha sigara. Nguvu yake ni ndogo sana: Uingereza, iliyoruhusu vifaa hivi mwezi Desemba 2006, iliviwekea kikomo cha nanowati 50, yaani sehemu 50 za bilioni ya wati. Mawimbi yake hufika mita chache tu.

Udhaifu wake unatokana na tabia ya FM yenyewe. Mawimbi mawili yanapogongana katika masafa mamoja, redio hulifuata lenye nguvu na kulitupa lingine. Ndiyo maana dereva atokaye Dar es Salaam akiwa amechagua masafa yaliyo matupu huweza kufika Morogoro akakuta wimbo wake umemezwa na kituo cha huko.

Kwa gari la Japani kuna tatizo la pili. Kwa miaka mingi matangazo ya FM ya nchi hiyo yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na redio za magari yake ziliundwa kwa masafa hayo. Vituo vya Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108, na vifaa vingi vya kurushia hufuata masafa hayohayo. Kwa hiyo redio na kifaa hukutana kati ya 87.5 na 90 tu. Mwenye gari asiyejua jambo hili huweka kifaa chake kwenye 100, asisikie kitu, akalaumu redio.

Mafundi hutibu tatizo hilo kwa kuweka kigeuza masafa katika waya wa antena. Kikiwa ni cha kupunguza megahezi 18, kituo cha 98.6 husikika kwenye 80.6. Lakini upana wa 87.5 hadi 108 ni megahezi 20.5, na upana wa redio ni 14 tu. Havienei vyote.

Njia ya Bluetooth

Kazi ya kubuni Bluetooth ilianza katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994. Muziki hugeuzwa kuwa tarakimu, hubanwa, kisha hurushwa katika masafa ya karibu gigahezi 2.4, ukirukaruka kati ya njia 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa mwingiliano. Redio yenye Bluetooth yake hutoa muziki safi. Lakini vifaa vingi vya kuchomeka vinavyouzwa kwa jina hilo hupokea muziki kwa Bluetooth, kisha huurusha tena kwa FM. Mnunuzi hudhani amepata njia mpya, kumbe hatua ya mwisho ni ileile ya tatu, pamoja na udhaifu wake wote.

Mluzi unaofuata injini

Kosa linalowasumbua wengi ni mluzi unaopanda kila injini inapokazwa. Hutokea zaidi chombo kinapopeleka muziki kwa waya huku kinachajiwa kutoka katika gari hilohilo. Sasa chombo kimeunganishwa na bodi ya gari kwa njia mbili: kupitia shina la plagi na kupitia chaja. Bodi ndiyo njia ya kurudia mkondo wa taa na feni. Ampea 10 zikipita mahali penye ukinzani wa omu 0.01, hutokea tofauti ya volti 0.1 kati ya ncha mbili. Ikiwa hata sehemu moja ya kumi ya volti hiyo inatetema, sikio litaisikia wimbo utuliapo.

Mtetemo huo hutoka katika altaneta. Yenye jozi 6 za ncha za sumaku na umeme wa awamu tatu huacha vinundu 36 kwa kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, na altaneta mara 2,000, vinundu ni 1,200 kwa sekunde. Injini ikifika 2,400, vinakuwa 3,600, katika eneo ambalo sikio la mwanadamu ni kali kuliko kote.

Dawa ni kukata mojawapo ya njia mbili. Chaja ing'olewe, mluzi ukikoma, chanzo kimejulikana. Kwa matumizi ya kudumu huwekwa transfoma ndogo ya moja kwa moja katika waya wa muziki, ambayo hupitisha usumaku bila kuunganisha metali. Kaseti ya kuunganishia hufanya vivyo hivyo kwa maumbile yake, na hiyo ndiyo faida iliyotajwa.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Altaneta ya mfano uliotolewa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mluzi utakuwa wa hezi ngapi?
2. Kigeuza masafa kinapunguza megahezi 18. Ni vituo vya masafa gani vitakavyoingia katika redio ya megahezi 76 hadi 90?
3. Kwa kila njia kati ya nne, hesabu mara ambazo muziki hugeuzwa.

Majaribio yoyote yafanywe gari likiwa limesimama, na masafa yachaguliwe kabla ya safari.