Kibarua wa kula chawa naye ana gharama

MFUGAJI wa samoni nchini Norway ana adui anayemnyima usingizi: chawa wa baharini. Mdudu huyo hula ngozi, ute na damu ya samaki, na vizimba vikijaa huzaana kupita kiasi. Sheria huko hairuhusu wastani wa chawa jike waliokomaa uzidi mmoja kwa kila samoni wawili.

Dawa ilitegemewa kwa miaka mingi, hadi chawa wakajenga usugu, kama kupe walivyofanya kwenye majosho yetu. Ndipo wafugaji wakamgeukia samaki wa pwani, mfupi na mnene, ambaye Wanorway humwita rognkjeks. Mapezi yake ya tumboni yameungana kuwa kisahani cha kunyonya, anachotumia kujigandisha kwenye mwamba ili mawimbi yasimchukue. Soko lilimjua kwa mayai yake, yanayotiwa rangi nyeusi au nyekundu na kuuzwa badala ya kaviari, ambayo bei yake wengi hawaiwezi.

Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kuweka samaki hao 10 au 15 kwa kila samoni 100 hupunguza chawa, hata maji yakiwa baridi. Vituo vya kutotolesha vifaranga vikaongezeka, na mamilioni yakauzwa kila mwaka.

Lakini kibarua huyo naye ni mfugo. Anahitaji chanjo, chakula chake mwenyewe na mahali pa kugandia, maana wavu unaochezacheza haumpi pumziko. Kwa hiyo wafugaji huning'iniza mwani wa plastiki kizimbani. Asipolishwa hudhoofu, akikua mkubwa, hamu ya chawa humwisha. Samoni wakipitishwa kwenye maji ya moto kuondolewa chawa naye akasahauliwa humo, ni kifo.

Ukaguzi wa mamlaka ya chakula ya Norway wa mwaka 2018 na 2019 ulikuta vifo vingi mno, na tangu hapo idadi ya samaki hao vizimbani imepungua.

Hesabu yake si ngumu. Kizimba kimoja huruhusiwa samoni wasiozidi 200,000. Kwa kiwango cha 10 kwa 100, mfugaji hununua vifaranga 20,000. Nusu wakifa mapema, kila mla chawa aliyebaki amemgharimu mara mbili ya bei aliyolipa kituoni, na hapo chanjo na chakula bado havijahesabiwa.