Batri Isiyofungwa: Tufungue Kapo Kabla ya Kupakia

Wamama wengi wa Kimanga tunalijua gari kwa tairi zake, kwa breki zake na kwa mdomo wa dereva wake. Kabla ya kupakia mzigo tunapiga tairi teke, tunauliza kama breki zinashika, tunabishana juu ya nauli. Kapo hatufungui. Lakini humo ndimo batri inamokaa, na katika magari mengi ya zamani yanayobeba bidhaa zetu kwenda Makobola, Mboko na Baraka, batri hiyo haikufungwa na kitu cha maana.

Gari likitoka kiwandani, batri yake inakaa ndani ya sahani, juu yake panapita kipande cha chuma, na ndoana mbili zenye bulo zinakivuta kipande hicho chini. Basi. Ni vitu vidogo, na ndiyo maana vinapotea. Gari linatufikia likiwa limekwisha kutembea miaka kule Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, usukani upande wa kulia, likapita mikononi mwa wanunuzi na mafundi wengi. Kila mara batri ilipobadilishwa, bulo moja ilianguka mchangani na hakuna aliyeitafuta. Mwishowe kinachobaki ni kamba ya mpira iliyokatwa kwenye shambrea, au waya, au ubao uliosukumizwa pembeni. Kuna magari ambamo batri inashikwa na nyaya zake tu, na dereva anakuapia kwamba haitikisiki.

Inatikisika. Kutoka Uvira mpaka Baraka ni kama kilomita 90, na kila mmoja wetu aliyekaa nyuma juu ya magunia anajua mgongo wake ulisema nini alipofika. Anayepanda Bukavu kwa milima ya Ngomo naye ana yake ya kusimulia. Mtikiso huohuo unaingia ndani ya batri. Batri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Katika kila chumba kuna sahani za risasi zilizopakwa dawa yake, zimezama ndani ya maji yenye asidi ya salfa. Batri ikirushwa juu na chini, ile dawa inabanduka, inashuka kama masimbi ya kahawa na kurundikana chini. Rundo likifika kwenye sahani, chumba hicho kimekufa, na batri yote inafuata. Joto letu la kando ya ziwa nalo linaiharakisha. Ndipo mume au dereva anarudi nyumbani akisema aliyemuuzia batri kule Bujumbura alimdanganya. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kumlaumu mfanyabiashara, heri kutazama kwanza kama batri ilikuwa imefungwa, kwa sababu fedha ya kununua nyingine inatoka kwenye sanduku lilelile la karo za watoto.

Hiyo ni hasara ya mfuko. Kuna nyingine ambayo ndiyo imetufanya tuandike.

Mwili wote wa gari ni chuma, na chuma hicho kimeunganishwa na kichwa cha batri chenye alama ya −. Kichwa chenye alama ya + hakitakiwi kugusa chuma hata kidogo. Batri isiyofungwa ikiruka shimoni na kichwa hicho kikagusa kapo, umeme wote unapita mahali pamoja kwa mara moja. Sisi tunaofundisha tunawaonyesha wanafunzi jambo hili kwa batri ndogo ya redio na uzi wa waya wa kusugulia sufuria: uzi unawaka mwekundu papo hapo. Sasa batri ya gari ina nguvu ya kuzungusha demareri, kazi inayovuta ampea 100 na zaidi. Chuma kinachomelewa, mpira wa nyaya unayeyuka, cheche zinaruka. Na batri inayochajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo inawaka kwa cheche moja.

Tuongeze tunachokijua wote. Kwetu esanse inauzwa barabarani na vijana tunaowaita kadafi, na esanse hiyo inasafiri ndani ya bidoni, mara nyingi katika gari moja na abiria, magunia ya unga na watoto. Moto wa Sange wa tarehe 2 Julai 2010 haukutokana na batri. Lilikuwa lori la mafuta lililopinduka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hatuusemi ili kutisha. Tunausema kwa sababu katika tarafa ya Uvira hakuna anayehitaji kufundishwa moto wa esanse unakwenda mbio namna gani. Na katika baadhi ya minibasi za zamani, injini na batri ziko chini ya viti vya mbele, pale anapokalishwa mama mwenye mtoto mchanga kwa heshima.

Kujua si kazi ngumu. Injini ikiwa imezimwa, mwombe dereva afungue kapo, ashike batri kwa mikono miwili na kuisukuma huku na huku. Ikiwa imefungwa vizuri, gari lenyewe litayumba pamoja nayo. Ikicheza peke yake, haikufungwa. Tazama pia sahani ya chini: asidi ikimwagika inakula chuma, na tumeona sahani iliyobaki kama jani lililoliwa na panzi. Kufunga batri nzuri juu ya sahani ya namna hiyo ni bure.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kifungo kwa muda mfupi. Anachukua ferabeto ya milimita 8, anapinda ncha moja kama ndoana, ncha ya pili anaichomelea bulo; anatengeneza mbili hivyo, na juu anapitisha chuma cha kona. Chuma hicho kivikwe mpira wa shambrea na kikae mbali na kichwa cha +. Bulo ikazwe mpaka batri isicheze, si zaidi, maana ganda la plastiki linapasuka. Ila batri itolewe kwanza garini na kuwekwa mbali, kwa sababu ya ile hidrojeni. Fundi anayetaka kuchomelea batri ikiwa mahali pake, mwacheni, tafuteni mwingine.

Mpira peke yake hatuukubali: unalegea kwa joto. Waya ni mbaya zaidi, kwa kuwa siku ukikatika unaweza kulalia vichwa vyote viwili. Ubao unaweza kujaza nafasi pembeni, lakini haushiki juu.

Nafasi hiyo yenyewe inatokana na kununua batri isiyo kipimo. Batri za magari ya Kijapani zina maandishi kama 55D23L. Namba ya kwanza inahusu nguvu, herufi inayofuata ni upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L au R ya mwisho inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Andikeni maandishi hayo ya batri ya zamani kwenye karatasi kabla ya kumtuma mtu sokoni. Akileta yenye herufi ya mwisho tofauti, nyaya zitavutwa kwa nguvu kufikia vichwa, au mtu ataziunganisha kinyume.

Katika kutoa, waya wa − unatangulia. Katika kurudisha, unakuwa wa mwisho. Hivyo ufunguo ukigusa chuma kwa bahati mbaya, hakuna cheche. Batri ina uzito wa kilo 15 hivi, basi isibebwe mapajani juu ya pikipiki. Asidi ikimwagika kwenye ngozi, osheni kwa maji mengi mara moja. Ikimwagika kwenye chuma, mwagieni maji yaliyokorogwa bikabonati, ile tunayolainishia maharage, mpaka povu liishe.

Jumamosi hii, baada ya salongo, tutakutana na madereva wanaopakia mizigo yetu, tufungue kapo moja moja pamoja nao. Mwenye ufunguo namba 10 nyumbani aje nao.