Mkanda wa Jeshi na Jamaa Zake

Watu wengi huugua tetekuwanga utotoni, wakapona na kuusahau ugonjwa huo. Baada ya miaka mingi, mmoja wao huanza kusikia maumivu ya kuchoma ubavuni, kisha malengelenge hujipanga kama mshipi upande mmoja wa mwili. Huo ndio mkanda wa jeshi. Wako wanaodhani kwamba mgonjwa amerogwa. Kumbe virusi ni vilevile vya tetekuwanga ya zamani.

Virusi hivyo ni vya jamii ya hepesi, ambayo tabia yake ni kutotoka mwilini hata ugonjwa ukipoa. Mwaka 1965, Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji wa Cirencester, Uingereza, alieleza kwamba virusi vya tetekuwanga hujificha katika mafundo ya mishipa ya fahamu, na huamka kinga ya mwili inapopungua. Utafiti uliofuata ulithibitisha maelezo hayo. Kwa kuwa kila mshipa wa fahamu huhudumia sehemu yake ya ngozi, malengelenge hufuata njia ya mshipa huo, na kwa kawaida hayavuki upande wa pili.

Hepesi aina ya 1 na aina ya 2 hujificha vivyo hivyo. Aina ya 1 aghalabu huleta malengelenge mdomoni, ingawa huweza pia kushambulia sehemu za siri. Aina ya 2 huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Zote mbili huweza kuambukizwa hata pasipo kidonda. Mama anayeambukizwa karibu na kujifungua huweza kumwambukiza mtoto mchanga, na maradhi hayo huweza kumwua.

Mgonjwa wa mkanda wa jeshi hamwambukizi mtu mkanda wenyewe. Lakini majimaji ya malengelenge yake huweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajapata kuiugua. Yafaa ayafunike, na ajiepushe na wajawazito na watoto wachanga. Kwa kuwa upungufu wa kinga huamsha virusi, kijana mwenye mkanda hushauriwa apimwe pia Virusi vya UKIMWI, ingawa mkanda peke yake si ushahidi wa maradhi hayo.

Dawa ya asikilovia haivitoi virusi mwilini, bali huvizuia visizaane. Hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 tangu malengelenge yatokee. Na yakitokea karibu na jicho, kuchelewa kwaweza kuleta upofu. Saa hizo ndizo zinazopotea mgonjwa anapopelekwa kwanza kwa mpiga ramli.