Sumu ya Chura Yatoka Wapi?

Sumu ya mishale si jambo geni kwetu Afrika ya Mashariki. Tangu zamani wawindaji wa Kikamba na wa Kigiriama wameipata katika mti uitwao msunguti. Vipande vya mti huo huchemshwa kwa saa nyingi, mpaka inabaki lami nyeusi. Lami hiyo ndiyo hupakwa kwenye mshale.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki wako watu ambao hawakuchemsha mti. Hao ni Waembera wa nchi ya Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Wao waliitoa sumu yao mgongoni mwa chura.

Chura mwenyewe ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimeta 5 tu. Rangi yake ni ya manjano, kama embe bivu. Anaishi chini katika misitu yenye mvua nyingi, upande wa bahari ya Pasifiki. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1978. Walichelewa, maana Waembera walimjua zamani sana.

Mwindaji hakumshika chura huyo kwa mkono mtupu. Alimshika kwa jani. Kisha alisugua ncha ya kishale mgongoni mwake, akamwachilia aende zake. Kishale kilitiwa katika mrija mrefu wa mti, kikapulizwa kwa mdomo. Kilipomchoma kima au ndege, mnyama huyo hakufika mbali. Kishale kilichopakwa kiliweza kukaa na ukali wake mwaka mzima au zaidi. Siku hizi wengi wao huwinda kwa bunduki.

Sumu hiyo ni kali mno. Kiasi cha uzito wa punje mbili au tatu za chumvi chatosha kumwua mtu. Inakadiriwa kuwa chura mmoja ana sumu ya kuua watu kumi. Ikiingia katika damu, huharibu kazi ya mishipa ya fahamu na ya misuli. Misuli hukakamaa, na moyo hupoteza mapigo yake. Dawa ya kuizuia haijulikani.

Jamii ya vyura hawa ina aina karibu 200, nao wote wako Amerika ya Kati na ya Kusini. Usidhani kwamba wote wanaua watu. Aina zinazojulikana kwa hakika kuwa zilitumika kwa vishale ni tatu tu. Wengine wana sumu kidogo, na wengine hawana kabisa. Wasio na sumu mara nyingi wana rangi ya udongo, nao hujificha. Wenye sumu ni wekundu, wa buluu, wa kijani au wa manjano, tena hutembea mchana bila woga. Rangi hiyo ni onyo. Hata sisi tunamwogopa nyigu kwa kumwona tu, kabla hajatuuma.

Malezi yao nayo ni ya ajabu. Yuko chura mwekundu wa Kosta Rika na Panama, mwenye urefu wa sentimeta 2 hivi. Mayai yake hutagwa juu ya majani yenye unyevu. Viluwiluwi wakitoka, mama huwabeba mgongoni. Hupanda nao katika mimea ya jamii ya mnanasi, ambayo huhifadhi maji ya mvua katikati ya majani yake. Kila kiluwiluwi humpa kidimbwi chake. Baada ya siku chache hurudi, na kumtagia mayai yasiyo na mbegu ili ayale. Katika mayai hayo mna sumu kidogo. Basi mtoto hupewa kinga yake pamoja na chakula.

Lakini mama mwenyewe aliitoa wapi sumu hiyo? Chura wetu wa kwetu mwenye ngozi ya vipele hujitengenezea utomvu wake mwenyewe. Ndiyo maana mbwa akimng'ata hutoka povu mdomoni. Vyura wa Amerika sivyo walivyo. Wao huokota sumu katika chakula. Hula sisimizi, utitiri na vidudu vingine vidogo vilivyo chini ya majani makavu ya msituni. Sumu ya vidudu hivyo haiwadhuru, bali hukusanyika katika ngozi yao.

Jambo hili lilionekana wazi pale vyura hao walipofugwa. Huko Ulaya na Marekani watu huwaweka katika masanduku ya kioo, na kuwalisha inzi wadogo wa matunda. Wanaozaliwa humo wana rangi nzuri ileile ya wazazi wao, lakini hawana sumu hata chembe.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, John Daly, alipata taabu kwa sababu hiyo. Mwaka 1974 alikusanya vyura wadogo katika nchi ya Ekwado. Katika ngozi zao aliona kitu kinachotuliza maumivu. Nguvu yake ni kama mara 200 ya mofini, ile dawa kali ya maumivu inayotumika hospitali. Alitaka kingi zaidi ili akichunguze. Akajaribu kufuga vyura, wakawa hawana kitu. Ilimbidi atunze kile kidogo alichokuwa nacho, mpaka vyombo bora vya kupimia vilipopatikana. Mwaka 1992 ndipo habari za umbo la kitu hicho zilipotangazwa.

Dawa yenyewe haikufika hospitali, kwa sababu kiasi kinachotuliza kinakaribia kiasi kinachoua. Hata hivyo iliwaonyesha wataalamu kwamba iko njia nyingine ya kutuliza maumivu, tofauti na ile ya mofini.

Misitu ya chura wa manjano huko Kolombia inakatwa, kwa ajili ya mbao na mashamba, na kwa kuchimba dhahabu. Chura huyo sasa yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wengi wanafugwa katika vioo, nao wanazaana vizuri. Ila hao ndio wale wasio na sumu.