Mizizi Bapa: Mhimili wa Miti Mikubwa katika Ardhi ya Majimaji

Wakazi wa Miembeni na maeneo mengine ya Bukoba na Muleba wanaishi kando ya Ziwa Victoria, ambako mvua ni nyingi na udongo hulowa kwa muda mrefu. Katika ardhi ya namna hiyo, mti mrefu huhitaji mizizi ya pekee ili usiangushwe na upepo.

Mfano wa karibu ni Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sehemu kubwa ya msitu huo hufurika maji ya Mto Kagera kila msimu. Udongo uliojaa maji hukosa hewa, hivyo mizizi hutanda karibu na uso wa ardhi, ambako pia kuna rutuba ya majani yaliyooza. Katika misitu ya aina hii, baadhi ya miti hujenga mizizi bapa, inayoshuka kutoka shinani mithili ya kuta. Msufi nao una mizizi kama hiyo.

Wengi hudhani kuta hizo ni viegemeo tu. Kwa hakika, upepo unaposukuma kilele, mizizi ya upande unakotoka upepo huvuta kama kamba za hema, na ile ya upande wa pili hukandamiza ardhi. Ubapa wake huusafirisha mzigo mbali na shina, hadi kwenye vijizizi vinavyozama wima udongoni. Bila ukuta huo, mzizi mwembamba ungepinda au kukatika unapoungana na shina. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionesha kuwa miti yenye mizizi bapa ilishikilia ardhi kwa nguvu takribani maradufu ya isiyo nayo.

Kwa sababu hiyo, anayekata mzizi bapa ili apate kuni, apanue uwanja au apitishe bomba, huulegeza mti mzima, hata kama majani yatabaki mabichi. Hatari huangukia nyumba, barabara na madarasa yaliyo jirani.

Wananchi wanahimizwa kumwona afisa misitu kabla ya kuchimba mtaro karibu na mti mkubwa. Aidha, mti ulioinama ghafla, au wenye nyufa mpya ardhini kuzunguka shina, utolewe taarifa mapema kwa mtendaji wa mtaa au kijiji.