Kwa nini brashi za vipodozi zioshwe kila wiki?

Brashi ya vipodozi hukusanya mafuta ya ngozi, seli zilizokufa na bakteria. Hatari huzidi pale brashi moja inapompamba bibi harusi, kisha wapambe wake, jambo linaloweza kutokea saluni au nyumbani, iwe Jinja au Mbale. Machi 2024, Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, ambao huweza kuenezwa kwa kuchangia taulo na vipodozi.

Wataalamu wa ngozi nchini Marekani hushauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10. Lowesha nywele zake pekee kwa maji vuguvugu, ncha zikielekea chini. Maji yakiingia kwenye pete ya chuma, gundi hulegea. Zisugue taratibu kiganjani kwa shampuu ya watoto, suuza hadi maji yatoke safi, kisha zikamue kwa kitambaa safi.

Usizisimamishe kikombeni zikiwa mbichi. Zilaze ukingoni mwa meza, nywele zikipata hewa. Msimu wa mvua, zioshe asubuhi ili zipate mchana kutwa wa kukauka, kwani unyevu hustawisha vijidudu.

Mwenye macho mekundu asichangie brashi na mtu, na wanja aliotumia autupe.