Umeme wa gatini wapunguza moshi wa bandari, bahari kuu bado yasubiri

Meli ya makontena inapofunga kamba gatini, injini yake kuu huzimwa. Moshi, hata hivyo, haukomi. Ndani ya meli kuna jenereta za dizeli zinazoendelea kunguruma usiku na mchana ili kuendesha taa, pampu, jiko la mabaharia na, zaidi ya yote, makontena ya baridi yaliyosheheni nyama, samaki na matunda. Meli ikikaa gatini siku tatu, jenereta hizo nazo hufanya kazi siku tatu, na moshi wake huelekea kule upepo unakovuma, mara nyingi katika nyumba za watu.

Hali hiyo waliifahamu vyema wakazi wa San Pedro na Wilmington, mitaa inayopakana na bandari ya Los Angeles katika jimbo la California, Marekani. Bandari hiyo na jirani yake ya Long Beach hupokea takriban theluthi moja ya makontena yote yanayoingia Marekani. Masizi yalituama madirishani, na wazazi walilalamika kuhusu watoto wenye pumu. Mwaka 1998 serikali ya California iliorodhesha rasmi chembechembe za moshi wa dizeli miongoni mwa sumu za hewani zinazoweza kusababisha saratani, na malalamiko ya wakazi yakapata nguvu ya sheria.

Kesi iliyoleta waya

Mwaka 2001 jumuiya za wakazi, zikishirikiana na shirika la kutetea mazingira la NRDC, zilikwenda mahakamani kupinga ujenzi wa gati jipya lililokusudiwa kwa kampuni ya China Shipping. Hoja yao ilikuwa kwamba ujenzi umeidhinishwa bila uchunguzi kamili wa athari za hewa chafu. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliwakubalia na kazi ikasimamishwa. Mwaka 2003 pande hizo zilifikia mapatano yaliyogharimu takriban dola milioni 50, na miongoni mwa masharti yake lilikuwamo moja lililoonekana geni wakati huo: meli zitakazofunga gati hapo sharti zizime jenereta zake na kutumia umeme wa nchi kavu.

Gati hilo lilifunguliwa mwaka 2004, likawa la kwanza duniani kwa meli za makontena kutumia mpango huo. Wazo lenyewe halikuzaliwa Los Angeles. Bandari ya Gothenburg, nchini Sweden, ilikuwa imekwisha kuunganisha meli za mizigo na umeme wa msongo mkubwa tangu mwaka 2000, na huko Juneau, Alaska, meli za watalii zilianza mwaka 2001.

California haikuishia kwenye mapatano hayo. Kanuni iliyopitishwa mwaka 2007 iliyataka makampuni ya meli, kuanzia 2014, yatumie umeme wa gatini katika nusu ya safari zao bandarini, kiwango kilichopanda hadi asilimia 80 mwaka 2020. Kanuni iliyofuata imezijumuisha pia meli zinazobeba magari na zile za mafuta. Kwa meli zisizoweza kuunganishwa na umeme, matishari maalumu husogezwa ubavuni, bomba likafunikwa juu ya dohani, na moshi ukavutwa na kuchujwa kabla haujafika angani.

Matokeo yanaonekana katika hesabu za bandari yenyewe. Ikilinganishwa na mwaka 2005, chembechembe za moshi wa dizeli huko Los Angeles zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 na gesi za salfa kwa zaidi ya asilimia 90, ingawa mizigo imeongezeka. Si umeme peke yake uliofanya kazi hiyo. Mafuta ya meli yalisafishwa, malori makuukuu yalianza kupigwa marufuku bandarini Oktoba 2008, na tangu 2001 manahodha wameombwa wapunguze mwendo hadi noti 12 wanapoikaribia pwani.

Hatua hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na inastaajabisha kwamba haisemwi mara nyingi. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Nahodha akipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, nguvu ya injini hushuka kwa zaidi ya robo. Hata baada ya kuhesabu muda wa ziada wa safari, mafuta yaliyookolewa hukaribia moja ya tano. Hakuna mtambo mpya unaohitajika.

Lakini mapatano yaliyotiwa saini si lazima yatekelezwe. Mwaka 2015 bandari ya Los Angeles ilikiri kwamba hatua 11 kati ya 52 zilizoahidiwa kwa gati lile lile la China Shipping hazikutimizwa ipasavyo, likiwamo sharti la umeme ambalo lilikuwa limelegezwa bila wakazi kujulishwa. Kesi zikaanza upya.

Ugumu wa kuunganisha

Kuiunganisha meli na umeme si sawa na kuchomeka pasi ukutani. Nyaya nene zenye msongo wa volti 6,600 hushushwa kutoka melini hadi kwenye tundu lililochimbiwa gatini. Kisha mafundi huoanisha mkondo wa nchi kavu na ule wa jenereta za meli, na pindi vinapokwenda sambamba mzigo huhamishwa, ndipo jenereta huzimwa. Viwango vya kimataifa vya vifaa hivyo havikuchapishwa hadi mwaka 2012. Kabla ya hapo meli iliyotengenezewa tundu la bandari moja ingeweza kukuta tundu tofauti bandari ya pili.

Tatizo jingine ni mapigo ya umeme. Meli nyingi kubwa hutumia umeme wa hezi 60, sawa na gridi ya Marekani. Ulaya, sehemu kubwa ya Asia na Afrika hutumia hezi 50, kwa hiyo bandari zao hulazimika kujenga mitambo ya kubadili mapigo hayo, na hapo ndipo gharama inapopaa.

Kisha huja swali la chanzo cha umeme wenyewe. Umeme unaozalishwa kwa makaa ya mawe huondoa moshi bandarini na kuuhamishia kwingine. Kwa upande huu Afrika Mashariki ina nafasi nzuri kuliko inavyodhaniwa: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Waya wa gatini Mombasa au Dar es Salaam ungekuwa na umeme safi kuliko ule wa bandari nyingi za nchi tajiri.

Aidha, umeme wa gatini hauwezi kuifikia meli iliyotia nanga nje. Hilo lilidhihirika mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya janga la corona kuvuruga biashara, pale zaidi ya meli 100 za makontena zilipokuwa zikingoja zamu nje ya Los Angeles na Long Beach huku jenereta zikiunguruma. Dawa iliyopatikana ilikuwa orodha mpya ya foleni: meli zilipewa nafasi tangu zilipoanza safari, zikaweza kuja polepole badala ya kukimbilia kungoja.

Nje ya bandari

Sehemu kubwa ya mafuta ya meli huchomwa baharini, mbali na waya wowote. Kwa mujibu wa utafiti wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, uliotolewa 2020, meli zilitoa zaidi ya tani bilioni moja za gesi zinazopasha joto dunia katika mwaka 2018, karibu asilimia 3 ya gesi zote zitokanazo na shughuli za binadamu.

Januari 2020 shirika hilo lilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Baadhi ya wenye meli walipendelea kufunga mitambo ya kuosha moshi na kuendelea na mafuta mazito ya bei nafuu. Mingi ya mitambo hiyo humwaga maji yaliyooshea moshi baharini, na bandari kadhaa zimeyapiga marufuku. Uchafu ulioondolewa hewani umerudi kwa mlango wa samaki.

Kwa hewa ya ukaa, tegemeo ni mafuta mapya. Septemba 2023 kampuni ya Maersk ilizindua mjini Copenhagen meli ya Laura Mærsk, ya kwanza ya makontena kutumia methanoli. Lakini methanoli hubeba chini ya nusu ya nguvu iliyomo katika ujazo ule ule wa mafuta ya kawaida, na hivyo matangi makubwa zaidi hula nafasi ya mizigo. Tena ni safi tu ikiwa imetengenezwa kwa taka za mimea au kwa umeme usiotokana na makaa, gesi wala mafuta, na ya aina hiyo ni adimu na ghali. Amonia haina kaboni hata chembe, ila ni sumu kali, na mabaharia wana kila sababu ya kuiogopa.

Pengo hilo la bei ndilo lililokuwa mezani London mwezi Oktoba 2025, IMO ilipokutana kuamua kama meli zitozwe ada kwa hewa chafu zinayotoa. Marekani iliupinga mpango huo vikali, na nchi 57 dhidi ya 49 zikapiga kura kuuahirisha kwa mwaka mmoja. Umoja wa Ulaya haukungoja: tangu Januari 2024 umezitoza meli zinazofika bandari zake, na kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zitalazimika kutumia umeme wa gatini katika bandari zake kuu.

Meli inayoagizwa leo hutarajiwa kuhudumu kwa takriban miaka 25, yaani kufikia mwaka 2050, ambao IMO yenyewe imeutaja kuwa lengo la kumaliza uchafuzi huo. Ndiyo maana baadhi ya wenye meli sasa wanaagiza injini zinazoweza kuchoma aina mbili za mafuta, ya zamani na mapya, bila kujua ni yapi watakayoyapata bandarini.